Fundi wa pampu na nozeli, Gombani Chake Chake: nimempelekea Mercedes 911 ya jeshi, haya ndiyo niliyoyaona

Mwenye gari la dizeli la zamani hapa Pemba, hasa lile lenye pampu ndefu ya plunja sita (vijiti vya chuma vinavyosukuma mafuta, kimoja kwa kila silinda), asilivushe bahari kwenda kulitafutia dawa kabla hajaonana na huyu fundi wa upande wa Gombani. Nampa nyota nne kati ya tano, na nitaeleza amezipata kwa lipi na ile moja imepotelea wapi. Ndugu zangu wenye malori wamekuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza, na mambo haya hayaelezeki dirishani huku gari linanguruma.

Lori langu ni Mercedes-Benz LA 911 B. Lilikuwa la jeshi la Ujerumani, likauzwa, likapita mikono mingi hadi likanifikia. Ukiliona utalijua: pua fupi ya mviringo, usukani kushoto, kijani cha jeshi kinachungulia kila pahala rangi mpya ilipobanduka, umeme wa volti 24, magurudumu yote manne yanavuta. Injini yake ni OM 352, silinda sita, sentimita za ujazo 5,675, haina tabo, haina sensa, haina kompyuta. Mercedes walianza kuitoa injini hii mwaka 1964 na wakaifunga kwenye malori chungu nzima, 911, 1113 na mengineyo, ndiyo maana hadi leo ukivuka kwenda Dar es Salaam hukosi spea zake. Kwangu linabeba mawe, mchanga na matofali, na msimu wa karafuu ukiingia tunatoa magunia mashambani ndani kabisa, kule ambako gari la kuvuta kwa nyuma tu likikutana na utelezi wa udongo mwekundu linalala huko huko. Nimeshaletewa maneno ya kuliuza ninunue jipya. Siliuzi. Ndilo linalosomesha watoto wangu na wa shemeji yangu tuliyeshirikiana naye.

Maradhi yake yalikuwa yamechanganyika, na hapo ndipo mafundi walipopotea. Asubuhi lilikuwa gumu kuwaka. Unapiga stata mpaka betri zinalegea, likishika linatoa moshi mweupe wa kuwasha macho na injini inamisi, kisha likipata moto linatulia. Tambarare linakwenda. Lipe mzigo na mlima, mathalan ule wa kutoka bandarini Mkoani kupanda mjini, katikati linakosa pumzi. Unakanyaga aksleta mpaka chini halikupi kitu, na lilishawahi kuzima kabisa pale mlimani, utingo ikambidi aruke na jiwe kulizuia tairi la nyuma. Mwenye kuijua ile njia, na watu wanavyoteremka mbio kuwahi boti, ataelewa nilikuwa na hofu gani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimelipeleka gereji moja Unguja, jina silitaji. Kifuniko cha tangi hawakukifungua. Waliisikiliza injini, wakasema pampu imekwisha, itolewe, inunuliwe nyingine ya mtumba, na bei waliyonitajia ningelazimika kuuza ng'ombe. Pampu ya mtumba nayo hujui imetoka kwenye injini gani. Kwa nje zinafanana, kumbe gavana ya ile, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, imepangiwa kasi nyingine, au plunja zake ni nene kuliko zako, ukaifunga gari likatoa moshi mweusi maisha yake yote. Nikalipakia melini nikarudi nalo vile vile lilivyo.

Huyu wa Gombani ni mtu mzima, ndevu nyeupe, hana bango wala hajitangazi. Uwanja wake una mashine za boti, majenereta mawili matatu, na malori yanayosubiri zamu. Dizeli alijifunzia kwenye majenereta. Vijana hawakumbuki, lakini kabla ya waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga kutufikia mwaka 2010, kisiwa hiki kilikuwa kikitegemea majenereta ya dizeli, na jenereta likigoma watu walikaa kizani mpaka litengenezwe. Naamini adabu yake ya kazi imetoka huko.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta gari, wameniambia pampu imekufa."

"Marahaba, mwanangu. Waliipima?"

"Hawakuipima."

"Basi hatujui. Kaa kitako unywe kahawa, unihadithie. Dizeli ya mwisho umetia wapi?"

Akaniuliza masuali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Dizeli nanunua kituoni au nachota kwenye pipa? Moshi wa asubuhi mweupe au wa buluu? Ukiwa mweupe unanuka dizeli mbichi? Gari linamisi likiwa baridi tu, au hata likiwa moto? Likizima mlimani linakata ghafla au linafifia? Na la mwisho, ambalo nililiona halina maana wakati ule: usiku naliegesha pua juu au pua chini? Nikamwambia pua juu, kiwanja changu kina mwinamo. Akatikisa kichwa, hakusema neno. Akavuta dipstiki, akanusa oili, akaisugua baina ya vidole viwili. Dizeli ikiwa inavujia ndani ya injini, oili huwa nyepesi na hunuka mafuta. Yangu ilikuwa salama. Muda wote huo spana hajaishika.

Kisha akataka dumu. Kijana wake akaleta dumu la dizeli iliyochujwa, wakalifunga madhubuti kwa kamba nyuma ya kichwa cha lori. Mpira unaotoka tangini akaufungua pale unapoingia kwenye pampu ndogo ya kuvutia mafuta, ile inayokaa ubavuni mwa pampu kubwa, akafunga badala yake mpira mpya unaopitisha nuru na upande wa pili akauzamisha ndani ya dumu. Kwa hiyo tangi, bomba la chini ya chesisi na mipira yote ya zamani vikawa nje ya kesi. Akatoa hewa kwa pampu ya mkono, akianza na skrubu ya juu ya chujio mpaka povu likatike na mafuta yatoke mazima, kisha ile ya pampu kubwa. Tukawasha, tukapakia mawe, tukateremka naye mpaka bondeni na kupanda tena kuja mjini Chake, yeye amekaa upande wa abiria kimya anausikiliza mlio.

Gari halikuzima. Huko juu lilikuwa bado zito kidogo, na ile misi ya kuanzia ilikuwepo, lakini kukata pumzi hakukuwepo. Tulipofika akasema kwamba ugonjwa mmoja uko nyuma ya pampu, wa pili uko mbele yake, na pengine upo wa tatu katikati, na kila mmoja atautafuta peke yake.

Huo wa nyuma nataka niueleze vizuri, kwa sababu ndio unaowatia watu gharama. Kutoka tangini mpaka kwenye pampu ndogo mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Bomba likiwa na ufa upande ule, injini ikiwaka hutaona hata tone. Badala ya kuvuja nje linavuta hewa ndani. Gari likilala, hewa inapita pale pale kwenye ufa na mafuta yaliyomo bombani yanarudi tangini taratibu, na kwa vile naegesha pua juu, tangi liko chini zaidi ya pampu, yanarudi kwa wepesi. Asubuhi pampu inakutana na hewa tupu. Na hewa ndani ya pampu ya dizeli ni balaa, kwani mafuta hayabanwi yakabanika, hewa inabanika. Plunja inasukuma, povu linanywea, nozeli, ile ncha inayonyunyiza mafuta ndani ya silinda, haifunguki. Mlimani nako injini inataka mafuta mengi, pampu ndogo inavuta kwa nguvu zaidi, na ufa unaingiza hewa zaidi.

Ule mpira wa zamani aliupasua kwa kisu mbele yangu, urefu wake wote. Ni mpira wa Kijerumani wa asili, umevikwa kitambaa cha uzi kwa nje, na kitambaa kilikuwa kizima, kimekaza, ukikishika unasema huu bado una miaka. Alipokivua, mpira wa ndani ulikuwa umekauka ukawa mgumu. Akaukunja polepole. Mipasuko ikafunguka mmoja baada ya mmoja, midogo sana, mingi, na mmoja uliokuwa karibu na klempu uliweza kupitisha ncha ya sindano. Akanipa mkononi nikauangalie juani. Mipira yote ya namna hiyo ikatoka siku ile, pamoja na washa za shaba za kila boliti yenye tundu, maana washa iliyokwisha kubanwa mara moja inakuwa ngumu na haizibi tena sawasawa.

Tangi likateremshwa. Yalitangulia maji, kiasi cha glasi, kisha ute mweusi unaonata, na wavu wa bomba la kuvutia ulikuwa umezibwa karibu nusu. Hewa yetu ina unyevu mwingi na chumvi. Tangi likilala nusu tupu, mvuke unashika kwenye bati usiku na kuteremka kuwa maji, na maji kwa uzito wake yanakaa chini ya dizeli. Pale dizeli na maji vinapokutana huota vijidudu, na ule ute ndio wao. Tangu siku hiyo nalijaza tangi jioni, si asubuhi, na kila baada ya muda nafungua nati ya chini ya chujio la kwanza nitoe maji kabla hayajasafiri. Maji yakifika mbele yanakula chuma ambacho nafasi yake baina ya plunja na nyumba yake ni sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita. Kutu ya kiasi hicho huioni kwa macho, utaisikia kwenye injini.

Ugonjwa wa mbele ulikuwa nozeli. Injini ikiwa inazunguka taratibu, alishika spana ya kumi na saba na kitambaa, akalegeza kidogo nati ya paipu ya nozeli ya kwanza, akaikaza, akaenda ya pili. Silinda iliyo hai ukiikatia mafuta namna hiyo injini inayumba, sauti inabadilika. Ya kwanza ikayumba, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne hakuna kilichobadilika. Akailegeza tena na kunitazama, nisikie mwenyewe. Ya sita nayo ilibadilika kidogo mno.

Akazitoa zote sita. Hapa nataka niseme jambo lililonipendeza kuliko yote: kazi ya nozeli haifanyi uwanjani. Ana chumba kidogo chenye mlango unaofungwa, sakafu imepigwa deki, meza ina bati safi, na kila nozeli na vitu vyake ina kikopo chake kimeandikwa namba. Vitu vya ndani ya nozeli vimesagwa vikalingana viwili viwili, sindano ya hii haiingii nyumba ya ile, na vumbi la njiani likiingia pale umekwisha kuiua. Nimeona gereji zinazomwaga nozeli sita kwenye karai moja la petroli.

Mashine yake ya kupimia ni ya mkono, kitangi kidogo cha mafuta, mkono wa chuma na geji. Nozeli za injini hii zinatakiwa zifunguke kwenye mgandamizo wa baa 200 hivi. Alianza na ya pili ambayo alijua ni nzima ili nijue uzima unasikika vipi: mshale ukapanda, nozeli ikalia krrr, kukatoka ukungu mwembamba uliogawanyika sawasawa, na ncha ikabaki kavu. Ya nne ikafuata. Mshale haukufika hata 150, haikulia, na mafuta hayakutoka ukungu, yalitoka mkojo. Ukiachilia mkono, tone linaning'inia kwenye ncha, linadondoka, linaning'inia jingine. Akashika karatasi ya daftari la skuli kwa koleo, mbali na ncha, akapiga mara moja. Karatasi ya nozeli nzima ilikuwa na madoa yaliyozunguka kwa mpango, ya nne ilikuwa na doa kubwa upande mmoja na kwengine pakavu, yaani baadhi ya matundu yake yamekwisha kuziba. Mafuta ya namna hiyo yakiingia silinda baridi hayapati kuwaka yote. Huo ndio ulikuwa moshi wangu mweupe.

Nilipotaka kusogeza uso nione vizuri alinizuia kwa kiwiko, kwa nguvu. Mafuta yanayotoka kwa mgandamizo ule yanatoboa ngozi na kuingia mwilini. Kwa nje utaona kitundu tu, lakini ni jeraha la kukimbizwa hospitali saa ile ile, usilisubiri livimbe. Kijana wake amefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza, na koleo lile limefungwa kwa mnyororo kwenye meza lisichukuliwe.

Ya nne na ya sita zikapata ncha mpya. Zile nyengine zikasafishwa na kupangwa kwa shimu, vibati vyembamba vya kurekebishia, mpaka zote sita zikafunguka sehemu moja, kwani zikipishana injini inatetemeka hata ziwe mpya. Na wakati wa kurudisha, kabla ya kutia washa mpya ya shaba kwenye tundu la nne, aliingiza kurunzi na waya wenye ndoana akatoa washa ya zamani iliyokuwa imebaki chini. Kuna fundi huko nyuma alitia mpya juu ya ile. Nozeli ikawa imekaa juu kuliko inavyotakiwa na ncha yake ikawa inapiga mafuta pahala sipo. Nimeihifadhi ile washa ndani ya kisanduku cha spana.

Baada ya hapo gari likawa linawaka asubuhi kwa stata moja, misi imekwisha, na mtu mwengine angechukua pesa yake akaniaga. Yeye akasema bado anausikia ule uzito wa mlimani. Akafunga geji kwenye njia ya mafuta baina ya chujio na pampu kubwa, tukatoka tena na mzigo. Pampu ndogo inaleta mafuta mengi kuliko yale yanayochomwa, na ziada inarudi tangini kwa kupitia valvu yenye springi. Springi hiyo ndiyo inayoyashikilia mafuta yawe na mgandamizo wa baa moja na kitu, ili kila plunja ikishuka ijazwe vizuri kabla haijapanda kusukuma. Geji yangu mlimani ilikuwa haifiki hata nusu ya hapo. Chujio jipya, mipira mipya, pampu ndogo inasukuma sawasawa, ilibaki valvu. Alipoifungua, springi ilikuwa imelegea na kiti chake kimelika.

Kijana wake alipendekeza waivute springi irudi urefu wake. Wengi wanafanya hivyo. Mzee akakataa: "Springi ukiivuta itamdanganya mwenyewe wiki moja, halafu italala tena akiwa mlimani na mzigo." Ikaagizwa valvu nzima kutoka Dar.

Na pampu yenyewe, ile iliyohukumiwa kufa? Hakuifungua. Ni pampu ya Bosch, aina ambayo kampuni ile ilianza kuitoa viwandani mwaka 1927, na mpango wake ni wa kueleweka: kamshafti inazunguka nusu ya kasi ya injini, kila kamu inainua plunja yake, reki inazizungusha plunja zote pamoja kuamua kiasi cha mafuta, na gavana nyuma inaishika reki isipite kipimo. Alichokifanya ni kuhakikisha taimingi. Alifungua njia ya silinda ya kwanza juu ya pampu, akatoa springi na kivalvu chake, akafunga kijibomba kilichopinda shingo kama ya bata. Kijana anasukuma mafuta kwa pampu ya mkono, yeye anaizungusha injini kwa mkono, polepole sana. Mafuta yalitoka mfululizo, yakasinyaa, yakawa tone, tone, tone. Akasimama hapo hapo. Pale mkondo unapogeuka matone ndipo plunja imeziba tundu lake na inaanza kusukuma, na alama ya mbele ya injini inatakiwa iwe imekaa kwenye kipimo cha kiwanda. Ilikuwa imekaa. Akanitajia na mpangilio wa kuwaka, 1-5-3-6-2-4, akafuata paipu moja moja kwa kidole kuhakikisha hakuna iliyofungwa silinda siyo yake.

Nikamuuliza mbona asiifungue tu tukaisafisha maadamu tupo.

"Sina benchi, mwanangu. Pampu hii ikishafunguliwa lazima ikae benchini, plunja zote sita zipimwe kila moja inatoa kiasi gani. Nikiifungua hapa nitakurudishia pampu isiyojulikana kipimo chake. Benchi liko Dar. Siku ikihitajika nitakwambia, na leo haihitajiki."

Kwangu mimi neno hili lina thamani kuliko geji na mashine zake zote. Alikuwa anaweza kuchukua pesa ya kufungua pampu na mimi nisingejua.

Sasa ile nyota iliyopotea. Hashiki simu akiwa kazini, na yeye yuko kazini mchana kutwa, kwa hiyo ukiwa Wete au Konde unataka kujua gari limefika wapi, itabidi uje mwenyewe. Valvu ilichelewa kwa sababu bahari ilichafuka na boti zikapunguza safari, hilo si lake, lakini kuniarifu lilikuwa lake, na hakuniarifu. Nilikaa na wateja wa mawe wananipigia simu bila ya kuwa na la kuwajibu. Tena mashine ya boti ya wavuvi ikija, lori linasogezwa pembeni. Sababu yake naikubali, mashine ikikufa baharini watu wanapotea, ila angelisema mapema mtu akajipanga. Na uwanja hauna kivuli wala pa kukaa baada ya saa nne isipokuwa chini ya lori lako mwenyewe.

Bei ni ya haki. Kupima nozeli zote sita hakukufika bei ya dumu la lita ishirini la dizeli. Kazi yote kwa jumla, pamoja na ncha mbili, mipira, washa, chujio na valvu ya kutoka Dar, haikufika robo ya ile pampu ya mtumba niliyotakiwa kuinunua Unguja. Vitu vyote vya zamani amenirudishia ndani ya kopo, na kila kimoja alinionesha kina nini.

Mlima wa Mkoani nimeupanda na mzigo kamili wa matofali, gia ya tatu, bila ya kusimama. Moshi ulikuwa wa kijivu hafifu pale nilipokanyaga, ukakatika. Utingo wangu, ambaye alikuwa amezoea kukaa ukingoni mwa bodi na jiwe lake tayari, sasa anakaa ndani.

Mkienda, lipelekeni gari jioni mliache lilale pale pale, ili asubuhi aliwashe mwenyewe likiwa baridi, maana ugonjwa wa hewa na wa nozeli unaonekana vizuri zaidi wakati huo. Msiguse chujio kabla, aone uchafu ulivyo. Chukueni na chupa safi ya kioo yenye dizeli mnayotumia kila siku, ataiweka dirishani itulie aone kama ina maji. Ijumaa anafunga kabla ya sala na harudi mpaka alasiri, na Ramadhani anafanya kazi asubuhi tu. Mwenye kuhitaji risiti kwa ajili ya hesabu za ushirika, kama mimi na shemeji yangu, amwambie kabla kazi haijaanza, kwani kwa mazoea yake hesabu yote anaiweka kichwani. Mimi nilimwambia mwisho, akaniandikia kwenye karatasi ile ile ya daftari, kitu kwa kitu, akatia sahihi.